Uzi: Kwa nini tunayakariri majina ya pande za mwili na bado tunayachanganya mbele ya mgonjwa?

#1 Mwana_Mkomani

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwanafunzi wa huduma ya dharura hapa Lamu, na jambo linalolisumbua darasa letu zima ni yale maneno ya pande za mwili: anteria na posteria, superia na inferia, mediali na laterali, proksimali na distali. Kila mmoja wetu anaweza kuyataja yote bila kusita, pamoja na maana zake. Lakini mkufunzi akimlaza mwenzetu sakafuni, akamgeuza kidogo, kisha akauliza mchubuko ulio chini ya goti uko upande gani, watu wanne hutoa majibu manne.

Dai langu ni kwamba tunafundishwa kwa kuanzia mwisho. Tunapewa majina kwanza, halafu baadaye sana ndipo tunaelezwa ni kutoka wapi tunapima. Ningeomba waliotangulia katika kazi hii waseme kama dai hili lina msingi, au kama kuna sababu nyingine inayotufanya tuchanganyikiwe.

#2 Bi_Muuguzi_Mstaafu

Waalaikumu salaam, mwanangu. Nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Maneno yote uliyoyataja hupimwa kutoka mkao mmoja tu: mtu amesimama wima, uso na vidole vya miguu vimeelekea mbele, mikono imening'inia pembeni, na viganja vinatazama mbele. Mkao huo ndio msimamo wa anatomia, na unabaki kuwa kipimo hata mgonjwa akiwa amelala kifudifudi chini ya mwembe. Anteria ni upande wa kifua na uso, posteria ni upande wa mgongo na kisogo. Superia ni kuelekea utosini, inferia ni kuelekea nyayo. Mediali ni kuukaribia mstari wa kati unaopita puani, kidarini na kitovuni. Laterali ni kuuacha mstari huo na kwenda pembeni. Proksimali ni kukaribia mahali mkono au mguu unapoungana na kiwiliwili, na distali ni kuwa mbali napo.

Wanafunzi hupotea pale wanapoyachukua maneno haya kuwa majina ya mahali, kumbe yanalinganisha sehemu mbili. Kiwiko si proksimali wala distali mpaka useme unakilinganisha na nini. Kikilinganishwa na bega ni distali; kikilinganishwa na kifundo cha mkono ni proksimali. Anayemwambia mwanafunzi kwamba proksimali maana yake ni juu amempa kanuni inayovunjika mara tu mgonjwa anapoinua mkono, kwa sababu kiganja kikiwa juu ya kichwa bado ni distali kwa kiwiko.

Halafu kuna viganja. Hakuna anayesimama na viganja vikitazama mbele. Mtu akitulia, viganja vyake hutazama mapaja na gumba hukaa mbele. Kwa hiyo ukiutazama mkono wako ulivyo sasa, hutaona kwa nini gumba huitwa laterali. Simama katika msimamo wa anatomia nawe utaona mara moja.

#3 Dereva_Ganda

Shukrani, Bi Muuguzi. Mimi naendesha ambulensi upande wa Malindi, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote linahusu kulia na kushoto. Mwokoaji hupiga magoti akimtazama mgonjwa aliyelala chali, na mkono wake wa kulia huwa unaelekeana na mkono wa kushoto wa mgonjwa. Kisha huandika kile ambacho mkono wake mwenyewe umekigusa.

Niliwahi kuisikia kwenye redio taarifa ya mwendesha bodaboda aliyegongwa katika barabara ya Mombasa, kwamba paja lake la kulia limevunjika. Tulipomfikia, paja lililovimba na kufupika lilikuwa la kushoto. Aliyetoa taarifa alikuwa mtu makini na alikuwa ameyakariri maneno yote ya Kilatini. Wa kulia ni wa kulia kwa mgonjwa, hata akiwa amelala juu chini. Mtu akilishika hilo vizuri, nusu ya matatizo haya yataondoka.

#4 Nahodha_Matondoni

Sikusudii kuwafundisha watu wa tiba kazi yao, lakini hili la Dereva_Ganda sisi wa baharini tunalijua. Chombo kina omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. Abiria anaweza kukaa akiitazama tezi safari nzima kutoka Mokowe, na omo haitahama kwa sababu yake. Kadhalika kuna goshi na demani. Mwanafunzi amchukulie mgonjwa kuwa ni chombo: pande ni za chombo, si za abiria.

#5 Binti_Faza

Ami Nahodha, kwa heshima zote, omo na tezi zinafaa kabisa, lakini goshi na demani zinaharibu mfano. Goshi ni upande unaoukabili upepo, na demani ni upande ulioupa upepo kisogo. Nahodha akibisha, yaani akikigeuza chombo ili upepo uje upande wa pili, iliyokuwa goshi inakuwa demani. Kulia kwa mgonjwa hakubadiliki namna hiyo, na mwanafunzi akiushika mfano huo atachanganyikiwa zaidi.

#6 Nahodha_Matondoni

Binti yangu, ndiyo maana nikazitaja zote. Mgonjwa pia ana pande zinazobadilika. Akilala chali, kifua kiko juu. Ukimgeuza kifudifudi, mgongo uko juu. Ukimlaza ubavu, ubavu mmoja uko juu. Mtoa taarifa anahitaji maneno ya aina zote mbili, yale ya mwili usiohama na yale ya namna mwili ulivyolazwa, na nahisi vijana wanachanganyikiwa kwa sababu aina hizo mbili hutiwa katika orodha moja.

#7 Mkufunzi_Langoni

Hoja ya Nahodha katika namba 6 ndiyo ninayopambana nayo darasani kila muhula. Neno la Kiswahili "juu" linabeba mambo mawili. Mwanafunzi akiambiwa mikandamizo ya kifua hufanywa kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, huelewa vizuri anapotazama picha ya mtu aliyesimama. Akimkuta mgonjwa amelala sakafuni, "chini" inageuka kuwa sakafu, na nimewaona wanafunzi wakisita na mikono yao hewani wakati kila sekunde ina thamani. Ukimwambia nusu ya inferia, yaani nusu iliyo upande wa tumbo, hasiti. Kisha aendelee kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwa hiyo sikubaliani na Dereva_Ganda kwamba kulia na kushoto ndiyo nusu ya tatizo. Juu na chini vinatupotezea muda zaidi.

#8 Mwalimu_Witu

Naomba kuongeza sababu ambayo haijatajwa. Kiswahili kinasema "mkono" kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, na "mguu" kuanzia nyonga hadi unyayo. Mtu akisema ameumia mkono, hajasema mengi. Kifundo ni cha mkono na cha mguu, kidole ni cha mkono na cha mguu, gumba vilevile. Mwanafunzi wetu anajifunza majina ya pande na wakati huohuo anajifunza kuukata mkono vipande ambavyo katika maisha ya kila siku hakuwa na haja ya kuvikata. Hiyo ni kazi maradufu.

#9 Tabibu_Mambrui

Mwalimu, nakuheshimu, lakini sababu hiyo haitoshi. Nimesoma pamoja na watu waliokulia katika Kiingereza, lugha ambayo ina jina lake kwa mkono wa juu, jina lake kwa mkono wa mbele, yaani kutoka kiwiko hadi kifundo, na jina lake kwa kiganja, na wao pia walichanganya mediali na laterali wiki baada ya wiki. Isitoshe, Kiswahili kina maneno mengi ambayo tumeacha kuyatumia: mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega), kidari, muundi (mguu kati ya goti na kifundo), kiwiko, kisugudi, kinena, kwapa, wayo. Anayesema "muundi, upande wa mediali" ameeleweka vizuri kuliko anayesema "mguu wa chini".

Mimi nadhani chanzo kiko ndani ya mwili wenyewe. Kati ya wiki ya sita na ya nane ya mimba, miguu na mikono ya kijusi huzunguka. Mkono huzunguka kuelekea nje, na ndiyo maana kiwiko kinaelekea nyuma. Mguu huzunguka kuelekea ndani, na ndiyo maana goti linaelekea mbele. Gumba la mkono na gumba la mguu yalianza upande mmoja, lakini baada ya mzunguko huo la mkono likawa laterali na la mguu likawa mediali. Anayejifunza mkono kisha akadhani mguu utafuata kanuni ileile, atakosea kila mara, na kosa lake lina mantiki.

Mzunguko huo ndio unaoeleza pia neno dorsali. Kwenye kiwiliwili, dorsali ni mgongoni. Kwenye kiganja ni upande wa nyuma wa kiganja. Kwenye wayo, dorsali ni upande wa juu, pale kamba za kandambili zinapopita. Mwanafunzi akiambiwa atafute mpigo wa dorsali wa mguu, huenda akaanza kupapasa kisigino, kumbe mpigo uko juu ya wayo, laterali kidogo kwa ule ukano unaoinua gumba.

#10 Msomaji_Shela

Hoja ya namba 9 sijawahi kuisikia popote, nashukuru sana. Nilikaa nikiuinua na kuushusha wayo wangu mpaka nikauona ukano wenyewe na kuupata mpigo.

#11 Mtunza_Punda

Kwa kuwa Tabibu amelitaja neno dorsali, niongeze la upande wetu. Mimi huhudumia punda, na kwa mnyama wa miguu minne maneno haya hukaa vizuri zaidi. Dorsali ni mgongo, ambao kweli uko juu. Ventrali ni tumbo, ambalo kweli liko chini. Kraniali ni kuelekea kichwani na kaudali ni kuelekea mkiani. Binadamu aliposimama kwa miguu miwili, ventrali ikawa sawa na anteria, dorsali ikawa sawa na posteria, na hapo maneno mawili yakawa na kazi moja. Matabibu wa wanyama karibu hawatumii anteria na posteria kabisa, isipokuwa kwa sehemu chache kama vile za jicho.

Kijana aliyeanza kwa kunisaidia kufunga vidonda vya punda, kisha akaenda kwenye mafunzo ya huduma ya dharura, aliniambia aliyaelewa maneno yote kwa haraka kuliko wenzake. Kwa hiyo mimi ninashuku kwamba ugumu wenyewe unatokana na kufundishwa majina yaliyorundikana, mengine ya mnyama na mengine ya mtu, bila maelezo kwamba ni mafungu mawili.

#12 Dereva_Ganda

Ndugu Mtunza_Punda, huku Malindi wanafunzi wetu hawana punda wa kutosha kwa somo hilo. Itabidi mtuletee wachache kwa jahazi.

#13 Mtunza_Punda

Karibuni ninyi huku, tena mlete na mgonjwa wa mfano. Lakini mkiomba boti kwa simu, semeni mko Shela ipi, kwa sababu Malindi mna Shella yenu na Lamu tuna yetu.

#14 Mkunga_Kizingitini

Nawarudisha kwenye jambo la Dereva_Ganda katika namba 3, kwa sababu kwetu lina uzito wa maisha mawili. Mama aliyefikisha nusu ya pili ya mimba hatakiwi kulazwa chali kwa muda mrefu. Uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mshipa huo uko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Kwa hiyo mama hulazwa kwa ubavu wake wa kushoto. Ubavu wake, si wa anayemlaza.

Nimemwona msaidizi mwenye nia njema, akiwa amekaa kwenye boti na kumwelekea mama usoni, akimgeuza kuelekea kushoto kwake yeye mwenyewe, na mama akalalia ubavu wa kulia. Kichwa cha mama kilikuwa kwenye tezi, bahari ilikuwa imechafuka, na msaidizi alikuwa na hakika kamili kwamba amefuata maelekezo. Tulimgeuza haraka, na rangi ya uso wake ikarudi. Tangu siku hiyo, kabla ya kumgeuza mtu yeyote, mimi humshika mkono wa kushoto na kusema kwa sauti: huu ni mkono wa kushoto wa mama. Waliopo wote husikia, na asiyekubali husema hapohapo.

Na ikiwa mama huyo amezimia na moyo wake umesimama, hapo halazwi ubavu. Anabaki chali ili kifua kikandamizwe, na mtu wa pili huusukuma mfuko wa uzazi kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama.

#15 Bi_Muuguzi_Mstaafu

Dada Mkunga, Mungu akuzidishie. Njia yako ya kushika na kutamka niliifundisha wodini kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayekariri kwa kalamu husahau, ilhali anayegusa na kutamka hukumbuka.

#16 Mwalimu_Witu

Nauliza kwa nia ya kuelewa. Kama anayetoa taarifa anasema Kiswahili na anayepokea anasema Kiswahili, kwa nini tusiseme tu "mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, upande wa gumba"? Mvuvi wa Kipungani ataelewa, na daktari wa Lamu ataelewa. Maneno ya Kiyunani yana faida gani mahali ambapo hakuna Myunani?

#17 Tabibu_Mambrui

Mengi ni ya Kilatini, Mwalimu, si ya Kiyunani, na hapo ndipo faida ilipo: si lugha ya mtu yeyote tena, kwa hiyo hayabadiliki kufuata mazungumzo. Kabla ya mwaka 1895, sehemu moja ya mwili ilikuwa na majina mengi katika vitabu mbalimbali, mpaka wanaanatomia walipokubaliana orodha moja huko Basel. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, ukiwemo mkutano wa Paris wa mwaka 1955, na ile iliyotolewa mwaka 1998 ilienea ulimwenguni. Mgonjwa wa Lamu anaweza kupelekwa Mombasa, kisha Nairobi, na karatasi yake ikasomwa na mtu ambaye hajui Kipungani iko wapi. "Chini kidogo ya kiwiko" ni chini gani, ikiwa mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni?

#18 Dereva_Ganda

Karatasi sawa. Redio hapana. Kwenye redio yenye mikwaruzo, "mediali" na "radiali", yaani upande wa mfupa ulio kwenye gumba, husikika karibu sawa. "Upande wa gumba" hausikiki kama kitu kingine chochote. Mimi nipo na Mwalimu_Witu katika hili.

#19 Mkufunzi_Langoni

Nitasema kile ninachokifanya, kila mtu apime mwenyewe. Ninafundisha maneno manane tu katika juma la kwanza, mawili mawili, na kila jozi nimeifunga kwenye tendo ambalo mwokoaji hawezi kuliepuka.

Proksimali na distali nazifunga kwenye banzi na kwenye mshipi wa kuzuia damu. Mtu aliyeanguka kutoka mnazini na kuvunjika muundi hafungwi banzi kabla ya kukaguliwa distali kwa jeraha: mpigo upo, anahisi ukimgusa, anaweza kuchezesha vidole. Baada ya kufunga, mambo hayohayo matatu hukaguliwa tena, kwa sababu banzi lililokazwa sana linaweza kuizuia damu. Mpigo ukikosekana juu ya wayo, kuna mwingine nyuma ya ile nundu ya mediali ya kifundo cha mguu. Mshipi wa kuzuia damu hukaa proksimali kwa kidonda kinachobubujika, kiasi cha sentimita 5 hadi 7, haukai juu ya kiungo cha goti wala kiwiko, na saa ya kuufunga huandikwa. Mwanafunzi aliyefunga mshipi upande wa distali na kuona damu ya bandia ikiendelea kutiririka hahitaji tena kuelezwa.

Mediali na laterali nazifunga kwenye mpigo wa kifundo cha mkono, ulio upande wa gumba, yaani laterali. Superia na inferia nazifunga kwenye mikandamizo ya kifua. Anteria na posteria nazifunga kwenye kukagua mgongo, kwa sababu mtu aliyechomwa kisu huweza kuwa na tundu la pili nyuma ambalo hakuna aliyelitazama.

#20 Msomaji_Shela

Maalim, katika darasa moja nililohudhuria tulifundishwa kwamba sindano ya kutoa hewa iliyolibana pafu huingizwa katika nafasi ya pili kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Je, hilo nalo hulifundisha kwa njia hiyo?

#21 Tabibu_Mambrui

Hiyo si kazi ya mwanafunzi wa ngazi ya mwanzo, lakini umeuliza jambo zuri, na maelezo uliyopewa yamepitwa kwa watu wazima. Toleo la kumi la mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa Marekani kuhusu majeruhi, la mwaka 2018, lilihamisha mahali pa mtu mzima kwenda nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, kwa sababu ukuta wa kifua hapo kwa kawaida ni mwembamba zaidi. Kwa mtoto ilibaki nafasi ya pili. Kosa la hatari katika ile nafasi ya zamani lilikuwa ni kwenda mediali kupita kiasi, kwa sababu watu huudhani mtulinga kuwa mfupi kuliko ulivyo, na mediali ya hapo kuna mishipa mikubwa na moyo.

Mwalimu_Witu aliniuliza faida ya maneno haya. Hapo "pembeni kidogo" haimsaidii mtu.

#22 Mwalimu_Witu

Nimekuelewa, Tabibu, na kwa sindano nakubali. Kwa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa kwenye wayo bado naona "upande wa gumba, karibu na kisigino" inatosha.

#23 Mwana_Mkomani

Nawashukuru nyote. Tumejaribu njia ya Mkunga ya kushika na kutamka, pamoja na ya Mkufunzi ya kuziunganisha jozi na matendo, na darasa limechangamka. Bado tunakwama mahali pawili. La kwanza ni tumbo: tumeambiwa tuligawe robo nne kwa mistari miwili inayokatana kitovuni, lakini picha ya ukutani inatutazama, kwa hiyo ini linaonekana liko kushoto kwetu. La pili: mtu amevunjika karibu na kifundo cha mkono na ameushikilia mkono wake tumboni, kiganja kikiwa kimelalia tumbo. Gumba sasa limeelekea juu, kwenye kidari. Je, tuandike bado ni laterali?

#24 Bi_Muuguzi_Mstaafu

La tumbo, mwanangu, ondoka mbele ya picha. Jishike mwenyewe. Kiganja chako cha kulia kikilala chini ya mbavu zako za kulia, kimelala juu ya ini na kibofu cha nyongo. Kishushe moja kwa moja kupita usawa wa kitovu, umefika kwenye kidole tumbo. Kiganja cha kushoto chini ya mbavu za kushoto kiko kwenye tumbo la chakula na wengu. Ukishuka upande huohuo umefika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mwendesha bodaboda aliyepigwa na usukani upande wa wengu anaweza kulalamikia bega la kushoto ambalo halina hata mkwaruzo, na asiyezijua robo hizi atapoteza muda akilichunguza bega.

#25 Tabibu_Mambrui

La pili ni rahisi kwa kanuni: ndiyo, ni laterali, kwa sababu tunarudi kwenye msimamo wa anatomia, hata mkono ukiwa umefungwa kifuani. Andika "distali ya mkono wa mbele, upande wa laterali".

#26 Mkufunzi_Langoni

Hapa natofautiana na Tabibu. Mkono wa mbele ndio sehemu inayogeuka kuliko zote, mfupa mmoja hupita juu ya mwenzake, na ndiyo maana hata madaktari wa mifupa hupendelea kusema upande wa radiali na upande wa alna, kwa kufuata jina la mfupa. Radiali ni upande wa gumba, na alna ni upande wa kidole cha mwisho, popote mkono ulipo. Msomaji wa karatasi hahitaji kuurudisha mkono wa mgonjwa kichwani mwake kabla ya kuelewa.

#27 Dereva_Ganda

Basi Maalim na Mwalimu_Witu mmekutana njiani, kwa sababu radiali yako ni upande wa gumba wake.

#28 Tabibu_Mambrui

Wamekutana kwa mkono wa mbele tu. Kwenye muundi hakuna gumba karibu, na atakayezoea kutegemea vidole atarudi kwenye lile tatizo la namba 9, kwamba gumba la mguu liko ndani. Mwana_Mkomani, katika mtihani andika laterali.

#29 Mkunga_Kizingitini

Na kwenye boti useme yote mawili, mwanangu, ukiwa umeushika mkono wenyewe.

#30 Mwana_Mkomani

Nimeyapokea, Bi Mkunga. Darasa la leo jioni ni la mtu aliyebanwa chini ya mashua iliyopinduliwa, amelala kifudifudi, kichwa hakionekani, miguu pekee ndiyo iliyo nje. Mkufunzi wetu anataka tuseme mguu wa kulia ni upi kabla ya kumgusa. Mwenye njia ya haraka kuliko kuangalia gumba la mguu na kisigino aniandikie kabla ya magharibi.